Tusilipe gari ituletee maji



Karatasi ya mwaliko wa mukutano mukubwa imefika. Mumeona namba tatu: kutoa makuta katika sanduku la koperative ili tukodi gari, iende kila juma kutafuta dreshi ya kiwanda cha bia mbali, hata ngambo ya mupaka, na kutuletea huku kwa ajili ya ngombe na nguruwe. Wengi wanafurahi. Mimi ninafuga nguruwe, ninajua bei ya chakula chao, na sizani kuna mutu mwenye alipenda dreshi kunipita. Lakini siku ya kura nitainua mukono kusema hapana. Afazali niwaeleze sababu mapema, tusije kugombana mbele ya wageni.

Sisemi dreshi ni mbaya. Ninasema tutalipa gari ituletee maji, na wakati uleule machicha ya hapa kwetu inamwangwa katika mifereji, nyuma ya nyumba za bamama wenye wanapika mandale.

Tulizoea mulango mumoja

Kwa miaka mingi sisi wa Kabare, wa Walungu na wa pembeni ya muji wa Bukavu tulitegemea kiwanda cha Bralima. Bia inapikwa, maji matamu yanachujwa, maganda ya shayiri yanabaki pamoja na mabaki ya nafaka ingine. Njo ile tunaita dreshi. Kiwanda kinapashwa kuitoa haraka juu inaoza, na mufugaji anaitaka juu nyama wanaikula kwa furaha. Kila upande ulipata faida yake.

Halafu katika mwezi wa pili wa mwaka 2025 vita ikafika Bukavu, na kazi ya kiwanda ikasimama. Watu wa muji walilia juu ya bia. Sisi tulilia juu ya machicha. Mimi nilikuwa na nguruwe majike wane. Nilizoea kujaza vyombo vyao kwa dreshi, na sikutayarisha kitu kingine: sikupanda viazi vitamu kwa ajili ya majani, sikupanda soya, sikuweka hata mufuko mumoja wa pumba pembeni. Kiisha majuma matatu nikauzisha wawili kwa bei ya kutupa. Wale wawili wenye walibaki wakakonda, ungeweza kuhesabu mbavu zao ukiwa barabarani.

Sikutafuta mutu wa kulaumu. Kosa lilikuwa langu. Niliweka tumbo la nguruwe wangu kwa mulango mumoja tu, na mulango ulipofungwa sikuwa na kitu.

Sasa gari ya namba tatu ni mulango mumoja tena, na huu uko mbali zaidi. Bei ya mafuta ikipanda, barabara ikikatika juu ya mvua, mupaka ukifungwa, tutarudilia kilio kilekile. Na mara hii tutalia tukiwa na sanduku tupu.

Hesabu ya mufuko

Wale wenye wanapenda gari wanasema dreshi ya kiwanda ni bei ndogo. Tufanye hesabu pamoja, kalamu mukononi.

Kamata mufuko wa kilo 50 wa dreshi mbichi. Ukamue kwa mukono, utaona maji yanatiririka. Katika kilo 100 za dreshi mbichi, kilo 75 hata 80 ni maji. Kwa hiyo katika mufuko wako wa kilo 50, chakula chenyewe ni kilo 10 ao 12, basi. Mufuko wa kilo 50 wa pumba ya mahindi yenye kukauka uko na chakula karibu kilo 44. Maana yake unahitaji mifuko mine ya dreshi kwa kupata uzito wa chakula wenye uko katika mufuko mumoja wa pumba.

Mutu atanijibu: dreshi iko na protini nyingi, ile yenye inajenga mwili. Ni kweli. Dreshi ikikauka, protini yake inakaribia robo ya uzito, na kwa pumba ni sehemu moja ya kumi hivi. Basi tuhesabu hiyo pia. Kilo 11 za dreshi kavu, robo yake haifiki kilo 3. Kilo 44 za pumba, sehemu moja ya kumi ni kilo 4 na kidogo juu. Kumbe hata kwa protini, mufuko wa dreshi mbichi haushindi mufuko wa pumba. Unapita nusu yake kidogo tu.

Kutoka hapo mimi nilijiwekea kanuni, na ninawapa bure. Mufuko wa dreshi mbichi, pamoja na makuta ya gari, usipite nusu ya bei ya mufuko wa pumba kama ni kwa ngombe. Kwa nguruwe usipite robo. Sababu ni kwamba ngombe iko na tumbo la kuchachua maganda magumu, na nguruwe hana. Nguruwe anajaza tumbo, lakini sehemu kubwa ya maganda inatoka kama ilivyoingia.

Sasa ulizeni bei ya pumba ya leo kwenye soko lenu, mugawanye, halafu muulize dereva bei yake. Dereva hatakuuliza kama unabeba maji ao chakula. Yeye analipisha muzigo na barabara. Kiwanda kinaweza hata kutupatia dreshi bure, na bado ikifika huku itakuwa imepita kanuni. Mutu mwenye kukaa karibu na kiwanda, akibeba kwa tshukudu ao kwa moto, hesabu yake ni ingine, na ninamupongeza. Sisi hatukai karibu.

Tena kuna hesabu ya siku. Kwa joto, dreshi mbichi inaanza kuharibika kiisha siku mbili ao tatu. Gari ikichelewa siku moja kwa barabara, na siku ingine kwa mupaka, tutagawanya nini?

Machicha ya nyumbani

Kila mutu anajua namna bamama wetu wanapika mandale. Wanalowesha mahindi ao mutama, wanaiacha iote, wanaianika, wanaisaga, wanaipika, wanaiacha ichachuke, halafu wanachuja. Wanywaji wanakunywa maji. Yenye kubaki katika kitambaa ni machicha, ndugu ya dreshi ya kiwanda. Kwa kasiksi vilevile, kunabaki nyuzi za ndizi pamoja na unga wa mutama wenye ulitiwa kwa kuichachusha.

Jirani yangu mumoja anapika mara mbili kwa juma. Kila mara kunabaki ndoo moja, siku ingine mbili. Zamani alikuwa anamwanga katika mufereji, na inzi walijaa mupaka kwa mulango wangu. Sasa mimi ninachukua. Ile machicha iko na kitu chenye dreshi ya kiwanda haina sana: uji-uji wa unga wenye haukugeuka kinywaji, na hamira yenye ilifanya kazi ya kuchachusha. Hamira nayo ni protini.

Ninajua nguvu ndogo ya mawazo yangu, na sitaificha. Machicha ya bamama haitatosha ngombe wa watu wote. Inatosha nguruwe, kuku na kobayi. Kwa ngombe tuongeze majani: penisetumu na tripsakumu, yale tunapanda kwenye mistari ya kuzuia udongo usiteremuke. Vipande vyake tunaweza kupeana wenyewe, na hakuna askari wa mupaka mwenye atatuomba karatasi yake.

Nani mwenye machicha?

Hapa njo fasi ambapo ninataka tuseme ukweli, hata kama itauma.

Sisi wanaume wafugaji tulichukua machicha bure kwa miaka. Mama anaamka saa kumi ya usiku, anakata kuni, anabeba maji, anapika, anachuja. Sisi tunafika asubui na ndoo: «Mama, nisaidie machicha.» Anatusaidia. Kiisha miezi minane nguruwe anauzishwa, makuta inaingia katika mufuko wa baba. Mama wa mandale haoni hata kipande cha ini.

Siku moja jirani yangu aliniuliza, akicheka: «Baba, nguruwe wako amenona. Hata mimi nilimulisha, ao hapana?» Nilicheka pia. Usiku sikulala vizuri. Tangu juma lile ninamulipa kwa ndoo. Si makuta mingi, lakini ni yake. Na kitu kilibadilika: sasa anatunza machicha. Anaiweka katika ndoo safi yenye kifuniko, haimwangie tena maji ya kuosha vyombo, na ananitumia mutoto kuniita palepale kiisha kuchuja. Kitu chenye hakina bei hakuna mutu anakichunga.

Wako wenye watasema: tukianza kulipa, bamama watapandisha bei. Inawezekana. Njo maana bei inapashwa kupangwa na koperative, bamama wakiwa ndani ya chumba, na kwa kanuni ileile ya mufuko. Machicha ya mandale iko na maji mingi kuliko dreshi, kwa hiyo bei yake kwa ndoo itakuwa ndogo. Mama mwenye hapendi makuta anaweza kupewa mutoto wa nguruwe kwa mukopo na kulipa kwa machicha, ndoo kwa ndoo, katika daftari. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Na bamama wenye wanapika wasibaki nje ya koperative. Wengi wao si wanamemba juu hawana shamba kwa jina lao. Mutu mwenye kutoa chakula cha nguruwe zetu ni mufugaji pamoja nasi. Hilo nalo litiwe katika kura.

Namna ya kulisha bila kuua

Mutu asisome barua hii akakimbia kujaza vyombo. Machicha inanonesha, na inaweza kuua. Nitasema mambo yenye mimi ninafuata.

Kwanza, iwe ya siku ileile. Machicha ya kasiksi na ya mandale iko na pombe kidogo na hamira yenye ingali hai. Nguruwe akila mingi analewa, na tumbo la ngombe linaweza kuvimba gesi. Mimi ninachemsha, ninaacha ipoe, njo ninatoa. Kuchemsha kunatoa pombe na kunaua hamira, na protini inabaki.

Pili, machicha ni kiungo cha chakula, haiwezi kuwa chakula chote. Nguruwe mwenye kukomaa ninamupa kilo moja hata mbili za mbichi kwa siku, pamoja na pumba, majani ya viazi vitamu na soya yenye kukaangwa ao kupikwa. Watoto wenye wametoka kuachishwa ziwa siwapi, tumbo lao halijakomaa kwa maganda. Ngombe wetu wa kienyeji unaanza na kilo mbili, unapanda polepole kwa juma mbili, mpaka kilo tano ao zaidi kidogo, na majani yabaki njo chakula kikubwa. Kuku unawapa yenye kukauka na kusagwa, sehemu moja katika kumi ya chakula chao. Kobayi wanapenda yenye kukauka kidogo, lakini usiwanyime majani mabichi hata siku moja, juu bila vitamini C ya majani kobayi anagonjwa.

Tatu, machicha iko na upungufu. Chokaa ni kidogo, na nguruwe jike mwenye kunyonyesha anahitaji chokaa kwa maziwa na mifupa. Saga maganda ya mayai yenye umechoma, ongeza. Weka na chumvi kidogo. Protini yake pia haina vipande vyote vyenye nguruwe na kuku wanahitaji. Soya, ao vichwa vya sambaza kwa mwenye anaweza, vinajaza pengo lile.

Nne, usilishe yenye kuoza. Ukiona kuvu, ile nyeusi, ya rangi ya majani ao nyeupe, usikwangue juu na kutoa ya chini. Tupa yote kwenye shimo la mbolea. Sumu ya kuvu hauioni kwa macho na moto haiiondoi. Kuna sumu ingine yenye inazaliwa katika chakula kilichooza, inalegeza miguu ya ngombe, hata ulimi, na ngombe anaanguka. Hakuna faida ya ndoo moja yenye inalipa ngombe.

Tano, mifuko na ndoo. Pesti ya nguruwe inatembea kwa viatu, kwa mifuko na kwa mabaki ya nyama yenye kupikwa mbaya. Kila mufugaji awe na ndoo yake na jina lake juu. Mabaki ya mezani yenye iko na nyama ya nguruwe yasichanganywe na machicha. Pesti haina chanjo hapa kwetu wala dawa. Tukigawanya mifuko ovyo, tunaweza kugawanya kifo katika kijiji kizima kwa juma moja. Hii ni sababu ingine yenye inanifanya niogope gari: mifuko yenye inazunguka maporisho ya watu wote kila juma.

Na machicha ya kanyanga? Mimi sitaki. Mingi inapikwa katika mapipa ya chuma ya zamani, na hakuna mutu anajua pipa lile lilibeba nini mbele.

Kuiweka kwa siku za njaa

Kosa langu la mwaka 2025 lilikuwa kukosa akiba. Machicha inaweza kuwekwa, na si kazi ya wasomi.

Katika kiangazi, tangu mwezi wa sita mpaka wa nane, unatandika shitingi juani, unaitawanya kwa unene wa vidole viwili, unageuza mara kwa mara, mpaka ikikamatwa inavunjika kama majani makavu. Halafu unaweka katika mufuko safi juu ya miti, mbali na udongo na panya.

Katika majira ya mvua jua halitoshi, basi unaitia katika pipa la plastiki. Ndoo nne za machicha zenye kukamuliwa, ndoo moja ya pumba kavu kwa kunywa maji yenye kubaki. Unachanganya, unatia kidogo kidogo, unakanyaga kwa nguvu kutoa hewa, unafunika kwa shitingi na kuweka mawe juu. Kiisha majuma matatu unafungua. Harufu inapashwa kuwa chungu kama ya maziwa yenye kuganda. Ikinuka uozo, tupa. Ukishafungua, toa kila siku sehemu ya juu na kufunika tena palepale.

Kwa makuta ya kukodi gari miezi michache, koperative inaweza kununua mapipa na shitingi kwa kila kijiji. Gari ikiondoka hatubaki na kitu. Pipa linabaki, na mwaka ujao lingali pale.

Na kwa watu?

Bamama kazaa wameniuliza kama watu wanaweza kula machicha. Ndiyo, katika nchi mingi wanakausha ile ya kiwanda, wanaisaga unga, na kuitia katika mikate na biskuti. Lakini ile inachungwa kama chakula cha watu tangu inapotoka katika pipa. Ile yenye inamwangwa chini, ikachotwa na mapauro kwa ajili ya nguruwe, isiingie katika sahani ya mutu.

Mama mwenye anapika kwake, kwa maji safi na kitambaa safi, anaweza kukausha machicha yake siku ileile, kuisaga na kuchunga. Kikombe kimoja katika vikombe tisa vya unga wa ngano, mandazi inatoka ya rangi ya udongo kidogo na inashibisha. Ukizidisha, inakuwa ngumu na inakwaruza shingo.

Kwa watoto wadogo ninasema hapana. Tumbo la mutoto ni dogo, maganda yanalijaza kabla nguvu haijaingia. Mutoto mwenye anakonda anahitaji uji wa sosoma: soya, mutama na mahindi, wenye mafuta kidogo, na kupelekwa kwenye kituo cha afya. Nguruwe ale machicha, na makuta ya nguruwe inunue soya ya mutoto. Njo njia yenye mimi naamini.

Kwa ndugu zetu wa kanisa

Ninajua wanamemba wengine hawatakunywa pombe na hawatapenda kusikia koperative inagusa kazi ya mandale. Ninawaheshimu, hata katika nyumba yangu wako. Wanaogopa tukilipa machicha tutazidisha pombe katika kijiji, na mabwana watakunywa mavuno.

Woga ule si bure. Nafaka yenye inapikwa mandale ni nafaka yenye haikuwa bukari. Kwa sababu hiyo ninaomba koperative isitoe hata franka moja ya mukopo kwa kupika pombe. Tulipe mabaki tu, na bei ya ndoo ibaki ndogo, hivi hakuna mutu atapika kwa sababu ya machicha. Pombe inapikwa leo, tulipe ao tusilipe. Swali letu ni kama yenye kubaki itaenda katika mufereji ao katika chombo cha nguruwe. Na mwenye zamiri yake haikubali, asilazimishwe. Anaweza kujiunga na kundi la majani na soya, na faida ikagawanywa sawasawa.

Nitapiga kura namna gani

Ninaomba namba tatu ya gari iondolewe, na pahali pake tuandike mambo mane. Kila kijiji kipate pipa na shitingi kwa makuta ya sanduku. Bei ya ndoo ya machicha ipangwe na bamama wenye kupika, na kuandikwa katika daftari. Bamama wale wapokelewe kuwa wanamemba, hata bila shamba kwa jina lao. Na hakuna mutu atafuga nguruwe kwa machicha peke yake: kila mumoja aonyeshe bustani yake ya viazi vitamu ao soya kabla ya kuandikwa katika kundi.

Kiwanda cha karibu kikirudi kufanya kazi vizuri siku moja, nitakuwa wa kwanza kwenda na mifuko yangu, na kanuni ya nusu na robo katika mufuko wa shati. Lakini nitaenda nikiwa na pipa lenye kujaa nyumbani. Siku mulango utakapofungwa tena, nguruwe wangu hawatajua.

Kama hesabu yangu iko na kosa, mulete yenu mukutanoni na bei ya soko yenu. Nitakubali hesabu yenye kunishinda. Lakini mutu asinijibu kwa kusema tu kwamba tulizoea dreshi. Hata mimi nilizoea, na ninyi munajua namna nilimaliza.